Madeni ambayo mwenzi hayajui: useme leo, au kwanza umalize orodha?

#1 Mzani wa Kariakoo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Natoa hoja, mnipinge kwa hoja. Nyumba nyingi zina uwezo wa kulibeba deni lenyewe. Kinachozishinda ni deni kusemwa vipande vipande. Leo mtu anataja laki mbili za simu, wiki ijayo linaibuka la SACCOS (chama cha akiba na mikopo), mwezi unaofuata afisa mikopo anampigia mke. Kila kipande kinasikika kama uongo mpya, hata kama ni deni la mwaka juzi. Msimamo wangu: usifungue mdomo mpaka uwe na orodha kamili kwenye karatasi, halafu useme yote kwa mkao mmoja.

Orodha iwe na safu sita: anayedai, kiasi ulichochukua, salio la leo, rejesho na tarehe yake, dhamana uliyoweka, na jina la mdhamini. Hiyo ya mwisho watu huiruka. Ukikuta mdhamini ni shemeji yako, basi ndani ya ndoa kuna mtu alijua kabla ya mwenzi wako, na hilo litauma kuliko kiasi.

Swali langu kwa wanaofanya kazi hizi: je, ni sawa kunyamaza wiki mbili zaidi ili kukamilisha orodha?

#2 Kaunta ya Tatu

Wiki mbili ni nyingi mno. Orodha inakamilika siku tatu ukijua pa kuchimba.

Siku ya kwanza, simu. Tafuta kwenye meseji maneno haya: mkopo, rejesho, umechelewa, deni lako, kumbusho. Fanya hivyo kwa kila laini, pamoja na ile uliyoiweka kabatini. Kisha fungua menyu ya pesa ya kila mtandao, sehemu ya mikopo, uandike salio lililopo. Watu husahau huduma ya kukopeshwa salio linapopungua, ile ya Songesha kwa wa Vodacom. Kila pesa inayoingia hukatwa kwanza, kwa hiyo mhusika haioni kama deni.

Siku ya pili, mshahara. Mtumishi wa umma aingie ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, achukue hati ya mshahara ya mwezi huu na ya miezi sita nyuma, azilinganishe. Kila mstari wa makato ni mdai. Kumbuka bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hilo nalo ni deni, liandike.

Siku ya tatu, nenda kwa wadai wenyewe. Usiulize "nadaiwa kiasi gani". Omba kwa maandishi kiasi cha kumaliza mkopo leo. Salio la kwenye taarifa na kiasi cha kumaliza mara nyingi ni namba mbili tofauti, kwa sababu ya riba iliyokwisha kuhesabiwa na faini. Na kama umekopa benki zaidi ya moja, omba taarifa yako ya mikopo kwenye taasisi ya kumbukumbu za wakopaji. Hapa Tanzania kuna Creditinfo na Dun & Bradstreet. Mkopo wa mtaani hautaonekana humo, huo utauandika kwa kumbukumbu yako mwenyewe.

#3 Bi Rehani

Mzani, naheshimu hoja yako lakini ina shimo. Wadai hawasubiri orodha yako. Ukiwa siku ya pili ya kukusanya karatasi, mkopeshaji wa mtaani anaweza kuwa tayari mlangoni. Mwenzi akisikia kwanza kwa mdai, karatasi yako ya safu sita haina kazi tena, maana hutaaminika kwamba ulikuwa unajiandaa kusema.

Sema leo, na useme namba yenye mpaka: "Si chini ya milioni tatu. Jumamosi saa kumi jioni nakuletea kila kitu kwenye karatasi." Kosa kubwa ni kutaja namba ndogo kwa woga. Ukisema milioni mbili halafu orodha ikatoa tatu na nusu, umerudi kwenye vipande vipande alivyovisema mleta mada. Kadiria juu, orodha ishushe.

#4 Mama Hisa

Naona wote mnaandika kana kwamba anayeficha ni baba. Wengi wanaokaa kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ni akina mama, na wanafichwa na utaratibu wenyewe: kikundi kinakutana asubuhi mume akiwa kazini, dhamana ni vyombo vya ndani, wadhamini ni majirani wanne.

Tuone hesabu yake. Mama anachukua 300,000 kwa siku 30, rejesho 13,000 kila siku. Anakatwa 15,000 ya fomu papo hapo, kwa hiyo anaondoka na 285,000 na kurudisha 390,000. Amelipa 105,000 kwa mwezi mmoja juu ya pesa aliyoishika, na hiyo pesa hakukaa nayo mwezi mzima maana alianza kuirudisha kesho yake. Genge la mboga halitoi faida ya namna hiyo. Siku ya kumi anakopa kikundi cha pili ili alipe cha kwanza. Siku ya ishirini anakopa cha tatu. Huyo hakuwa na nia ya kuficha madeni matatu. Alificha moja, mengine yakazaliwa.

Kwa hiyo anapomwambia mumewe, asitaje "mikopo mitatu" tu. Achore mshale kwenye karatasi: huu ulilipa ule. Mume akiuona mshale anaelewa kwamba pesa haikwenda kwa mtu mwingine wala haikuliwa, ilizunguka. Swali la kwanza la mwenzi yeyote ni pesa zilikwenda wapi. Jibu lake liwe limeandikwa.

#5 Daftari Jeusi

Tupige hesabu kwa mfano mmoja, ili tusizungumze hewani.

Baba anapokea mkononi 780,000 baada ya makato. Mama anashona, wastani 350,000. Madeni ya siri ya baba: mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, salio 6,400,000. SACCOS 1,800,000, rejesho 150,000 kwa mwezi. Kausha damu 600,000 kwa asilimia 30 ya mwezi, naye kila mwezi analipa riba tu. Programu tatu za simu: 85,000, 120,000 na 60,000. Mfanyakazi mwenzake 400,000 bila riba. Jumla kuu 9,365,000.

Matumizi ya nyumba kwa mwezi: kodi 150,000, chakula 360,000, nauli 110,000, shule 80,000, umeme, maji na gesi 70,000. Hiyo ni 770,000. Mapato ya wote wawili 1,130,000. Inabaki 360,000. Toa SACCOS, inabaki 210,000. Toa riba ya kausha damu, 180,000. Inabaki 30,000 ya kuhudumia madeni mengine yote. Ndiyo maana huyu baba hatoki, hata akiacha soda.

Tazameni hapo pa kausha damu. Kwa miezi minne ameshatoa 720,000 juu ya mkopo wa 600,000, na bado anadaiwa 600,000 ile ile.

#6 Kaunta ya Tatu

Daftari, rudia kujumlisha. Programu za simu ni 265,000. 6,400,000 na 1,800,000 na 600,000 na 265,000 na 400,000 ni 9,465,000. Umepoteza laki. Si kukuumbua, ila kwenye mkao wa kusema ukweli laki iliyopotea inageuka kesi.

#7 Daftari Jeusi

Kweli, 9,465,000. Asante. Ukitoa la benki inabaki 3,065,000, na huo ndio mzigo wa kushughulikia kwa mikono, maana la benki linajikata lenyewe.

Sasa nionyeshe mlango. Kausha damu akikubali kusimamisha riba na kupokea 600,000 kwa awamu tatu za 200,000, ile 210,000 inatosha. Miezi mitatu deni limekwisha. Mwezi wa nne na wa tano zinakwisha programu za simu, na kufikia mwezi wa saba mfanyakazi mwenzake amelipwa. Hakuna aliyekopa tena wala kuuza kiwanja. Kilichobadilika ni 180,000 kuacha kuwa riba.

#8 Mama Hisa

Mpango mzuri, lakini bajeti isiyo na mchango wa msiba ni bajeti ya mtu asiyeishi Tanzania. Hujaweka msiba, harusi, dawa, wala mgeni wa kutoka kijijini. Weka 40,000 kwa mwezi kwenye bahasha yake, hata kama kausha damu atamalizwa mwezi wa nne badala ya wa tatu. Usipoiweka, msiba wa kwanza utamrudisha huyu baba kwenye programu ya simu, na safari hii atakuwa anavunja ahadi aliyoitoa mezani.

#9 Msumari wa Moto

Napingana na mpangilio wenu. Mnamaliza kausha damu kwanza kwa sababu ni ghali, sawa kwa hesabu. Lakini programu za simu zina kitu kingine: baadhi zimechukua orodha ya namba zote za kwenye simu. Ukichelewa kuzilipa, meseji inakwenda kwa bosi, kwa mama mkwe, kwa mchungaji. Hilo ni 265,000 tu. Malizeni hilo kwanza, mwezi mmoja na wiki chache, nyumba itulie, ndipo mkabiliane na mkubwa.

#10 Daftari Jeusi

Msumari, ukimwacha kausha damu miezi miwili unampa 360,000 ya bure, zaidi ya hizo programu zote tatu. Sioni nyumba inayotulia kwa gharama hiyo.

#11 Msumari wa Moto

Unahesabu shilingi. Hesabu pia siku ambazo mke anapokea meseji ya matusi kuhusu mumewe kutoka namba asiyoijua.

#12 Wakili wa Ubungo

Niweke mambo machache ya sheria, maana yanabadilisha mpango wenu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni au usajili kulingana na daraja lake. Kanuni zake za 2019 zimewaweka wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, chini ya ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 600,000 hiyo ni 21,000, si 180,000. Kwa hiyo mkopaji anapokwenda kuomba riba isimamishwe haendi kupiga magoti, anakwenda na hoja. Aombe mkataba wake, aombe kuona leseni, aandike barua ya malalamiko kwa mkopeshaji, akikosa majibu apeleke Benki Kuu. Kuhusu programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Angalia kama lako limo kabla ya kupanga malipo.

Kudaiwa ni madai, si jinai. Polisi hawana kazi ya kukusanya marejesho. Ila ukikopa kwa kitambulisho cha kughushi au kwa kudanganya dhamana, hapo umejitengenezea kosa la jinai mwenyewe, na mwenzi anapaswa kulijua hilo mapema kuliko namba yoyote.

Kubeba vyombo vya ndani bila amri ya mahakama si utaratibu. Na hata mahakama ikitoa amri ya kukamata mali, Sheria ya Mwenendo wa Madai inalinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Cherehani ya huyo mama wa mfano anayoifanyia kazi ni zana.

#13 Mtoto wa Mabibo

Wakili, kwa hiyo mke hadaiwi deni la mume kabisa? Maana nimesoma kifungu cha 114 kinasema madeni yanaangaliwa kwa pamoja, na mwingine aliniambia 114 ni ya rehani ya nyumba. Ipi ni ipi?

#14 Wakili wa Ubungo

Zote mbili, na mkanganyiko huo ni wa kila siku. Kuna kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mahakama inapogawa mali baada ya talaka au kutengana, inaangalia pia madeni ambayo mmoja aliyachukua kwa manufaa ya wote. Mkopo uliojenga nyumba unaingia humo. Mkopo wa kubeti unapata shida kuingia.

Halafu kuna kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi: rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila saini au ridhaa ya mwenzi, na kudanganya benki kwamba huna mwenzi ni kosa la jinai. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa nacho kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako.

Kwa swali lako: deni alilochukua mume peke yake kwa jina lake ni lake. Mke anaingia akiwa amesaini kama mkopaji mwenza, kama mdhamini, au kama mtoa ridhaa ya rehani. Kwa hiyo siku ya kuambiwa, mwenzi akumbuke kila karatasi aliyowahi kuletewa asaini haraka haraka. Ndipo deni la siri linapogeuka lake. Kama kuna rehani na malipo yamesimama, notisi ya kukiuka mkataba inatoa siku 60. Hizo siku ndizo za kwenda benki kuomba kupangiwa upya. Watu huzitumia kuificha notisi.

#15 Mvita Kaskazini

Hamjambo ndugu. Huku Kenya mambo yanafanana ila milango ni tofauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, inasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa mnalibeba sawa. Kifungu cha 12 kinataka ridhaa ya maandishi ya wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani.

Kukusanya orodha: kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka CRB, taasisi ya kumbukumbu za wakopaji. Tangu kanuni za 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 haliorodheshwi, kwa hiyo usidhani ripoti safi ni simu safi. Mikopo ya simu kama Fuliza, M-Shwari na KCB M-Pesa iangalie kwenye menyu yenyewe. Na kwa aliyelemewa kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa asiye na mali, kwa madeni ya kuanzia 100,000 hadi 4,000,000 za Kenya. Anaomba kwa Msimamizi wa Ufilisi. Akikubaliwa na miezi 12 ikapita, anaachiliwa na madeni hayo. Watu wengi hulijua hilo wakiwa tayari wameuza shamba.

Msumari (#9), kero yako ya meseji kwa watu wa simuni imekatazwa huku na kanuni za Benki Kuu ya Kenya (CBK) za 2022.

#16 Msumari wa Moto

Kukatazwa na kukoma ni mambo mawili, ndugu yangu wa Mvita. Ila nimepokea.

Tena hapo pa Fuliza na Songesha pana jambo ambalo wanandoa hawalioni. Mke anatuma 50,000 ya chakula kwenye simu ya mume ili anunue unga akirudi. Pesa inaingia, mfumo unakata deni, inabaki 8,000. Mume anaanza kutunga maelezo. Mkishaambiana, pesa ya nyumba isipite kwenye laini yenye deni mpaka iishe. Pitisheni kwa laini ya mwenzake au fedha taslimu.

#17 Shangazi wa Mtaa wa Pili

Mmeongea hesabu na sheria vizuri, hongereni. Sasa mkao wenyewe, maana hapo ndipo wanaoniletea ndoa zao hukosea.

Usiseme usiku kitandani. Mwenzako hatalala, wewe utalala kwa sababu umetua mzigo, na asubuhi atakuchukia kwa usingizi wako. Usiseme mbele ya mama mkwe wala kwa meseji. Chagua mchana wa siku isiyo ya kazi, watoto wakiwa hawapo, saa mbili za nafasi mbele yenu.

Maneno ya kwanza yawe mafupi na yawe na namba: "Mama Neema, nina madeni ambayo sikukwambia. Yote yako kwenye karatasi hii. Jumla ni milioni tisa, laki nne na elfu sitini na tano." Kisha nyamaza. Usianze na sababu. Mtu akianza na "unajua mwaka ule mdogo wangu alipougua", msikilizaji anajiandaa kusikia kitu kibaya zaidi ya kilichopo, na sababu inageuka ngao. Sababu zisubiri zikiulizwa. Na usiseme ulifanya kwa ajili yao.

Siku hiyo usiombe vitu viwili: msamaha wa papo hapo, na pesa yake. Ukimwambia deni kisha ukamuuliza ana kiasi gani kwenye kikundi chake cha akiba, VICOBA, ameshaelewa kwamba hukuja kusema ukweli, ulikuja kukopa. Mazungumzo ya fedha yake yasubiri wiki, na aanzishe yeye.

Mwenzi akiwa mtu wa mkono, haya yote hayafai. Hapo aseme mbele ya mshenga au mzee anayeheshimiwa na pande zote, na ajue Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu liko wapi kabla ya kufungua mdomo.

#18 Bi Rehani

Shangazi, hapo pa mshenga mimi nasita kwa ndoa za kawaida. Ukimwita mshenga siku ya kwanza, deni limekuwa la ukoo. Kesho shemeji anajua, keshokutwa kijiji.

#19 Shangazi wa Mtaa wa Pili

Sikusema siku ya kwanza kwa kila mtu. Ila mshenga aliyekula kiapo cha kuilinda ndoa hiyo ana kazi gani kama si hii?

#20 Ustadh wa Pangani

Assalaam alaykum. Kwa ndoa za Kiislamu nina nyongeza tatu.

Mali ya mke ni yake. Akiamua kusaidia, mtamke wazi ni zawadi au ni mkopo. Ikiwa mkopo, uandikwe na kushuhudiwa kama Aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoelekeza. Ndoa nyingi hugombana mwaka wa tatu kwa sababu mmoja alidhani alipewa, mwingine alidhani alikopesha. Mahari ambayo haijalipwa nayo ni deni la mume, liingie kwenye ile orodha ya Mzani kama safu nyingine yoyote.

Pili, mirathi haigawanywi kabla madeni hayajalipwa, Suratun Nisaa Aya ya 11 na ya 12. Ndiyo maana makaburini hutangazwa anayemdai marehemu ajitokeze. Deni lisiloandikwa linamwacha mjane asijue nani mkweli kati ya wanaojitokeza. Kama mkopo ni wa benki, aulize kwanza bima ya mkopo. Mikopo mingi ya waajiriwa ina bima ya kifo, na wajane hulipa kwa haraka kile ambacho bima ingelipa.

Tatu, aliyekwama kweli ana haki ya kupewa muda, Aya ya 280 ya Baqara. Mdai Mwislamu akumbushwe kwa upole.

#21 Kitabu cha Hesabu

Mnajadili namna ya kusema, hakuna anayejadili kwa nini watu wanaficha. Kwangu chanzo ni mishahara kutojulikana. Kama mke hajawahi kuona hati ya mshahara, hawezi kuona makato. Nyumba ambayo hati inawekwa mezani kila mwezi haina pa kuficha mkopo wa benki.

#22 Mama Hisa

Mimi naona ni ndugu. Fungua orodha ya madeni mengi ya siri utakuta ada ya mdogo, matibabu ya mama, mtaji wa kaka. Mtu hamwambii mwenzake kwa sababu ameshachoka kujibu "tena kwenu?"

#23 Kaunta ya Tatu

Na kuna urahisi wenyewe. Zamani kukopa kulihitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa, mdhamini na wiki mbili. Nyumba yote ilijua. Sasa ni dakika tatu chooni na simu. Mkopo wa zamani ulikuwa na mashahidi, wa leo hauna.

Halafu tusisahau kubeti. Ukiona orodha imejaa mikopo midogo ya usiku wa mechi, 10,000, 20,000, 15,000, hilo si tatizo la bajeti. Hapo kabla ya mpango wowote wa malipo, mhusika aiandikie kampuni imfungie akaunti, na laini aliyoisajilia iache kupokea mshahara. Mwenzi akilipa madeni hayo kabla ya mlango kufungwa, anaweka mtaji kwenye beti inayofuata.

#24 Mtoto wa Mabibo

Basi si rahisi zaidi mke akashika kadi ya benki na namba ya siri, mambo yakaisha?

#25 Shangazi wa Mtaa wa Pili

Kwa mwezi mmoja au miwili, sawa, akiomba mwenyewe. Baada ya hapo unalea mtoto, na mtoto hujifunza kuiba sukari. Heri kikao cha nusu saa kila mwezi, siku mbili baada ya mshahara: hati ya mshahara, risiti za marejesho, orodha ile ile, mnakata kilichopungua kwa kalamu nyekundu. Nusu saa ikiisha, hakuna kulitaja deni mpaka kikao kijacho. Mwenzi aliyefichwa anahitaji pa kuulizia, na aliyeficha anahitaji siku 29 za kula bila kuhojiwa.

#26 Kitabu cha Hesabu

Shangazi, siku 29 ni nyingi kwa aliyedanganywa mwaka mzima. Mwenzi awe huru kuuliza saa yoyote kwa miezi sita ya kwanza.

#27 Mzani wa Kariakoo (mleta mada)

Nimesoma yote, asanteni. Nimelegeza msimamo: siku tatu za Kaunta badala ya wiki mbili, na hofu ikiwa mlangoni basi namba ya Bi Rehani yenye mpaka. Kuhusu kipi kilipwe kwanza, Daftari na Msumari hamjanishawishi upande wowote.

Swali linalobaki. Wengi wa kwenye orodha hizi husikia ushauri mmoja dirishani: chukua mkopo mmoja mkubwa, lipa yote, ubaki na mdai mmoja. Tuseme 2,000,000 kwa miezi 12. Ni nafuu au ni mtego?

#28 Kaunta ya Tatu

Inategemea riba inavyohesabiwa. Chukua asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa bapa, juu ya kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, riba ni 70,000 mara 12, yaani 840,000, na rejesho ni kama 236,700. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 207,000 na riba yote haifiki 484,000. Asilimia ni ile ile, tofauti inapita 350,000. Kwa hiyo usiulize asilimia tu. Omba jedwali la marejesho na ujumlishe safu ya mwisho.

Kwa mtumishi kuna ukuta mwingine: makato hayaruhusiwi kumbakisha chini ya theluthi ya mshahara. Kama benki imeshaula mshahara mpaka hapo, kuunganisha madeni hakuwezekani, na anayekuambia kunawezekana anataka kukukopesha nje ya mshahara, kwa kushika kadi yako ya benki.

Ukiunganisha, pesa isipite mkononi. Iende moja kwa moja kwa wadai, na kila mmoja aandike barua kwamba deni limekwisha. Mikopo ya kuunganisha hushindwa zaidi hapo: milioni mbili inaingia kwenye akaunti, laki tatu zinapotea njiani, na mdai mmoja anabaki.

#29 Mtoto wa Mabibo

Na kama mkopeshaji ameshika kadi ya benki na namba ya siri tayari?

#30 Wakili wa Ubungo

Nenda benki na kitambulisho, badilisha namba ya siri siku hiyo hiyo au omba kadi mpya. Kadi ni ya benki na ya mwenye akaunti. Siku hiyo hiyo mpelekee mkopeshaji barua yenye nakala kwako: unatambua deni, unataja kiasi, unapendekeza rejesho na tarehe. Ukifunga kadi bila barua atasema unakimbia, na ataanza na mwenzi wako. Kwa hiyo mwenzi ajue kabla hujatoka benki.

#31 Msumari wa Moto

Na ukimaliza deni la laini ya simu, usiivunje laini siku hiyo. Fungua menyu, hakikisha salio la mkopo linasoma sifuri, piga picha ya skrini, ibandike kwenye ile karatasi ya safu sita.